Sura ya Sita: Kabureta Nyingine kwa Landrova ya Zamani

Landrova inayozima silensa, yaani mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta, haikuoneshi ugonjwa wake porini. Ukiwa barabara ya vumbi mguu uko kwenye mafuta muda wote, injini inavuma, na unaweza kwenda kilomita mia bila kujua kwamba kuna kitu kimeharibika. Ugonjwa unajitokeza mjini. Unajitokeza Mkuyuni saa kumi na moja jioni, foleni ya Barabara ya Kenyatta imesimama, daladala ya Buhongwa iko mbele yako, bodaboda wawili wamekubana ubavuni, na ukiachia tu pedeli ya mafuta injini inatikisika mara tatu, kisha kimya. Unapiga stati. Inawaka kwa shida, inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Unaachia pedeli, inazima tena, na honi za nyuma zinaanza.

Niliishi na hali hiyo miezi minne kwenye Landrova 109 ya mwaka 1974, injini ya petroli ya silinda nne, lita mbili na robo. Kila niliyemsimulia alinipa jibu lilelile: kabureta imekufa, tafuta nyingine. Nikatafuta. Nikarudi na boksi jipya la bei nafuu, kabureta inang'aa kama sufuria ya dukani, ikafungwa ndani ya saa moja, na jioni yake nikazima palepale. Sura hii namwandikia mtu aliyeko pale nilipokuwa mimi: ana gari la zamani analolipenda, ana fedha ya kabureta moja, na hana nafasi ya kununua mara mbili.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo Mkuyuni, fundi aliyeanza kazi kwa injini za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, kabla hajagusa gari. Asili yake hiyo si jambo dogo. Vijana wengi wa gereji siku hizi wamefundishwa kwa magari ya injekta. Wana mashine ya kusoma makosa, na wanaijua kazi yao vizuri, lakini Landrova ya 1974 haina pa kuchomeka mashine. Elimu ya kabureta hapa kwetu imebaki zaidi kwa watu wa aina mbili: mafundi wa bodaboda, na mafundi wa zile Yamaha zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, zinazosukuma mitumbwi ya sangara na dagaa. Hao wanafungua kabureta kila siku, wanapuliza jeti, wanapima boya, wanajua mashine inavyolia ikikosa petroli na inavyolia ikizidiwa. Ukikosa fundi wa Landrova mjini Mwanza, nenda ufukweni ukamtafute wa boti.

Nilifika asubuhi. "Mwangaluka, mzee," nikamwamkia. Akaitikia, akafungua boneti, akasimama kitambo bila kugusa kitu. Nilianza kumweleza habari za kabureta mpya. Alinikatisha kwa upole.

"Mwanangu, petroli inafikaje hapa?"

"Kwa pampu, mzee."

"Pampu ipi?"

Sikuwa na jibu. Akapitisha mkono chini ya fremu, akafuata mpira wa mafuta, na akanionesha kiboksi cha chuma cha mraba, chenye waya mbili, ambacho mwenye gari aliyenitangulia alikifunga baada ya pampu ya asili kuchanika utando. Mzee akachomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, akavua mpira pale unapoingia kwenye kabureta, akauelekeza kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaniambia nifungue swichi. Petroli ikaruka kwa nguvu, ikapiga kitako cha chupa na kutoa povu.

"Ziwani boya likizidiwa na mkondo linazama," alisema. "Na hili lako limezama."

Ili kauli hiyo ieleweke, lazima tuifungue kabureta yenyewe.

Ndani yake kuna bakuli la petroli, na ndani ya bakuli kunaelea boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kusukuma sindano ndogo inayoziba tundu la kuingilia. Petroli ikishuka, boya hushuka, sindano inaachia, na nyingine inaingia. Kazi yote ya boya ni kuweka usawa wa petroli mahali pamoja, milimita kadhaa chini ya mdomo wa nozeli. Pembeni mwa bakuli kuna koo ambalo hewa hupitia kuelekea kwenye injini. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika kwenye mbano huongeza kasi, na ikiongeza kasi mgandamizo wake hushuka. Hapo ndipo nozeli ilipo, na petroli huvutwa kutoka kwenye bakuli, ikanyunyizika ndani ya mkondo wa hewa. Chini ya mbano kuna kisahani kinachozunguka kwenye ekseli ndogo, kipepeo, nacho ndicho unachokifungua unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo mguu wako hauongezi petroli. Unaongeza hewa, na hewa ndiyo inayoivuta petroli.

Sasa tazama uzito wa kazi hii. Injini ya petroli hutaka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ili iungue yote. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Ukipiga hesabu kwa hewa ya Mwanza, lita hiyo moja huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Kabureta inagawa vitu viwili vyenye tofauti ya ujazo kubwa kiasi hicho, kwa matundu yanayopimwa kwa sehemu za milimita, bila kompyuta, bila umeme, kwa boya na mbano tu. Mimi kila nikifikiria jambo hili naiheshimu zaidi. Na ndiyo maana inaudhi kuona ikilaumiwa kwa makosa ya wengine.

Pampu ya asili ya Landrova, ile inayosukumwa na kamshafti, hutoa mgandamizo wa pauni 1.5 hadi 2.5 tu kwa inchi ya mraba. Vile viboksi vya umeme vinavyouzwa kwa magari yote, vingi husukuma pauni 4 hadi 7. Sindano ya boya haiwezi kushindana na nguvu hiyo. Ukiwa unakimbia, injini hula petroli ya kutosha na ziada haionekani. Ukiachia mguu, petroli inaendelea kuingia, bakuli linafurika, nozeli inadondosha, injini inasongwa na kuzima. Kabureta yangu ya zamani ilisongwa. Mpya nayo ikasongwa vilevile. Nimesikia pia watu wakifunga pampu iliyotolewa kwenye gari la injekta, ambayo nguvu yake ni zaidi ya mara kumi ya inayotakiwa. Hapo hatuzungumzii tena kuzima kwenye foleni, tunazungumzia petroli inayomwagika juu ya bomba la moto la ekzosi. Gari likiungua huwa na watu ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kagua kila kinachoweza kujifanya kabureta. Fungua plagi zote nne na uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Zote nyeusi zenye masizi makavu, petroli imezidi. Zote nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Moja nyeusi na tatu safi, tatizo liko kwenye silinda hiyo, na kabureta haihusiki, kwa sababu kabureta moja hulisha silinda zote. Pima pengo la plagi, milimita 0.75 hadi 0.80. Fungua kifuniko cha distributa utazame pointi: pengo lake kwenye injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40, na zikiwa zimechimbika, badilisha pamoja na kondensa. Valvu nazo zirekebishwe kwa milimita 0.25. Kazi zote hizi ni za asubuhi moja kwa fila geji moja na bisibisi, na mara nyingi gari hupona hapo.

Kisha tumia geji ya vakyumu. Ifunge kwenye manifoldi injini ikiwa ya moto na isome silensa. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Uingereza havitakuambia. Vinasema injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni kweli usawa wa bahari. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo geji ileile kwenye injini ileile nzima itasoma pungufu ya inchi karibu 4. Ukiona 15 au 16, na mshale umetulia, injini yako ina afya. Usikubali kuambiwa ringi zimekwisha kwa sababu ya namba hiyo. Mshale ukiwa chini sana na umetulia, tafuta hewa inayoingia pasipo mlango, au taimingi iliyochelewa. Ukicheza kwa kurudia, angalia valvu.

Mzee alirudisha pampu ya asili, yenye utando mpya na chujio safi. Landrova ikatulia, lakini si sana. Tulikuwa tumerudisha kabureta yake ya kwanza, Zenith 36 IV, na silensa ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Akashika ekseli ya kipepeo kwa vidole viwili, akaitikisa juu na chini. Ilicheza. Unaweza kuiona kwa macho, upana wa ukucha wa mtoto mchanga, lakini kwa injini inayovuta hewa kidogo silensa, mwanya huo ni dirisha. Miaka ya vumbi la barabarani ilikuwa imekula tundu lake. Basi hapo, na si kabla ya hapo, ndipo tulipoanza kuzungumzia kununua.

Chaguo la kwanza ni kuikarabati uliyonayo, na kwa Zenith hili linafaa kuliko wengi wanavyodhani. Udhaifu wake mkubwa unajulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na mwanya unaojitokeza huharibu silensa. Dawa yake ni kioo cha dirisha, msasa laini uliolowanishwa, na subira. Unaweka msasa juu ya kioo, unasugua uso wa kifuniko kwa kuzungusha namba nane, unaangalia sehemu zinazong'aa na zile zilizobaki nyeusi, unaendelea mpaka uso wote ung'ae sawa. Ukibadilisha na kijipete cha mpira cha ndani pamoja na gasketi, mara nyingi inarudi kama mpya. Ila ekseli ikiwa imecheza kama yangu, kazi inahitaji mtu wa mashine ya kukereza atakayechonga bushi na kuizibua kwa kipimo sahihi. Wapo mjini. Muulize kwanza kama amewahi kufanya, kwa sababu akikosea hata kidogo kipepeo kitakwama kikiwa wazi.

Chaguo la pili ni Weber 34 ICH, ya koo moja, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mbadala wa kawaida wa injini hii. Namba 34 na 36 ni vipenyo vya koo kwa milimita pale kipepeo kilipo. Landrova za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na Solex ya milimita 40, na wapo watu wanaoitafuta wakiamini koo kubwa ni nguvu kubwa. Tupige hesabu. Injini ya sentimita za ujazo 2,286 inavuta ujazo wake mzima kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, ambayo ni karibu na kikomo chake, ingevuta lita 4,572 kwa dakika kama ingejaa kikamilifu. Injini ya umri huu hujaa kama asilimia 80, kwa hiyo ni lita 3,650 hivi. Koo la wastani linatosha kabisa. Koo kubwa kupita mahitaji hupunguza kasi ya hewa kwenye mbano, petroli inanyunyizika vibaya, na gari linakosa nguvu pale unapoihitaji zaidi, ukipanda kilima taratibu na mzigo wa mahindi nyuma. Weber hii inapunguza nguvu kidogo sana juu kabisa, ila silensa yake ni tulivu na matumizi yake ya mafuta ni mazuri. Kwa gari la kazi, mimi naichagua.

Chaguo la tatu ni kabureta ya gari jingine, na nitalitaja kwa sababu ndilo linalopendekezwa kuliko yote gerejini. Kabureta ya kipanya, ile Toyota ya injini ya 5K, ipo kila mahali kwa bei ya kutupa. Unachongewa kibati cha kuunganisha, inafungwa, na gari linawaka. Lakini 5K ni injini ya sentimita za ujazo 1,486, jeti zake zimepimwa kwa injini hiyo, na ina makoo mawili ambayo sasa yanalazimishwa kupumulia tundu moja la manifoldi ya Landrova. Hewa inagonga ukuta wa kile kibati, matone ya petroli yanaanguka, silinda za mwisho zinakosa. Ukiwa umekwama Sengerema na huna njia nyingine, ifunge ufike nyumbani. Usiiache hapo.

Na mpya za kuigiza, kama ile ya kwanza niliyonunua? Sizikatai zote. Zikague dukani kabla ya kulipa. Weka rula ya chuma kwenye uso wa chini uangalie mwanga unaopita. Tikisa ekseli. Fungua kipepeo na ukiachie taratibu, kijifunge chenyewe bila kukwaruza. Omba kufungua jeti kuu na uisome: namba iliyochongwa ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, yaani 125 ni milimita 1.25. Jeti isiyo na namba ni jeti usiyoijua. Muuzaji akikataa usifungue, mshukuru na uondoke.

Wenye Land Cruiser za petroli za zamani, FJ40 na ndugu zake, kwao habari ni fupi zaidi, kwa sababu injini ya F ya sentimita za ujazo 3,878 na ile ya 2F ya 4,230 zilitoka kiwandani na Aisan ya makoo mawili, na bado hiyo ndiyo inayozifaa. Jambo moja tu liwe kichwani: kabureta nyingi za miaka ya 1970 mwishoni na 1980 zina kivalvu cha umeme kinachofungua njia ya silensa ukiwasha swichi. Usipokiunganisha waya wake wenye volti 12, kabureta nzima na mpya itazima silensa kila mara, nawe utaitupa bila kosa.

Tulinunua Weber. Kabla ya kuifunga, mzee aliuliza jeti kuu ni namba ngapi. Ilikuwa 130. Akaenda kwenye kopo lake la jeti za zamani akatoa 125. Sababu yake ni ileile ya mwinuko. Kwa mita 1,140 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na mchanganyiko hujaa petroli zaidi kwa asilimia 5 hivi, kwa sababu petroli haipungui kwa kiwango kilekile hewa inavyopungua. Kipenyo cha jeti kikipungua kwa asilimia 3 hadi 4, unarudi karibu na mahali pake. Tofauti hii gari linaivumilia, wengi hawabadilishi na wanaishi. Lakini kama safari zako ni za juu zaidi, ukingo wa Ngorongoro ambako ni mita 2,300 hivi, ziada inafika asilimia 12, na hapo utaisikia kwenye moshi na kwenye mfuko. Kinyume chake kiwe onyo: ukilishusha gari Dar es Salaam au Tanga likiwa na jeti ndogo, injini itaungua kwa joto, na valvu zitalipa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya utulivu. Toa waya wa betri unaokwenda bodi. Weka ndoo ya mchanga au kizima moto karibu, na mvuta sigara akae mbali. Chora kwa penseli kila mpira ulipotoka. Legeza nati mbili kwa spana ya nusu inchi, nyanyua kabureta ya zamani ikiwa wima, na papo hapo ziba tundu la manifoldi kwa kitambaa safi, maana nati ikidumbukia humo kichwa cha silinda kitafunguliwa. Kwangua masalia ya gasketi kwa kitu kisichokwaruza, kisha weka rula kwenye uso wa manifoldi kama ulivyofanya dukani kwa kabureta.

Kile kipande kinene cheusi kinachokaa kati ya manifoldi na kabureta usikitupe ukidhani ni nafasi ya bure. Kinazuia joto. Bila hicho, ukizima gari mchana wa jua na kuwasha tena baada ya dakika kumi, petroli itakuwa inachemka bakulini na stata itazunguka bure. Weka gasketi mpya juu na chini yake, kavu. Usipake silikoni. Ile ya kawaida hulainika kwa petroli, vipande vyake hukatika na kuvutwa ndani, na siku utakayokuta uzi mwekundu kwenye jeti ya silensa utakumbuka. Kaza nati kwa zamu, robo kwa robo, mkono mmoja ukiwa umeshika spana karibu na kichwa ili usipate nguvu ya kuvunja.

Unganisha mpira wa vakyumu wa distributa kwenye tundu lake, na kila tundu lisilo na kazi lizibwe. Rudisha chujio la hewa la asili lenye oili, lile kopo zito. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu pamoja na kabureta mpya watu hufungiwa chujio dogo la sponji, zuri kwa macho. Barabara za vumbi za kwetu zitapita humo, na vumbi ndilo lililoua ekseli ya kwanza. Badilisha oili ya chujio, jaza mpaka alama, ukaze klipu za mpira wake.

Halafu kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Mzee aliniambia niingie kwenye gari, nikanyage pedeli mpaka chini, yeye akachungulia kooni kwa tochi. "Haijafika," akasema. Kipepeo kilikuwa kimesimama robo tatu tu, kwa sababu fimbo ya pedeli ilikuwa ya urefu wa Zenith. Akaurekebisha urefu, nikakanyaga tena. "Achia." Nikaachia. "Tena." Mara sita. Kila mara alitazama kipepeo kikisimama wima na kikirudi kufunga, kisha akaongeza springi ya pili ya kurudisha. Watu wanaendesha miaka wakidhani injini imechoka, kumbe mguu wao haujawahi kuifungua yote.

Kabla ya kuwasha, alipampu petroli kwa kile kishikio kidogo kilicho kwenye pampu ya asili, tukasubiri dakika tano, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ilibaki kavu. Ndipo akarudisha waya wa betri.

Skrubu ya mchanganyiko aliifunga taratibu mpaka ikagusa, bila kuikaza, akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Injini ikawaka kwa stati ya pili. Tuliiacha ikapata moto sawasawa, choki ikafunguliwa yote, kisha akaanza kusikiliza. Akizungusha skrubu kuingia, mlio ukawa mwembamba na injini ikaanza kujikwaa. Akiitoa, ukawa mzito, wenye kuburuta. Kati ya hapo na hapo kuna mahali injini inapotulia na mshale wa vakyumu kusimama juu kuliko kwingine. Alipafikia, akashusha kasi kwa skrubu ya kipepeo, akarudi kwenye mchanganyiko, akashusha tena. Mwisho akanyunyiza oili nyepesi kidogo kuzunguka gasketi, mbali na distributa, akitega sikio. Mlio haukubadilika. Hewa haikuwa na mlango mwingine.

Tulitoka Mkuyuni jioni, kusudi, ndani ya foleni. Butimba tulisimama, Nyegezi tukasimama tena, mguu wangu ukiwa nje ya pedeli, na injini ikaendelea kutetema polepole kama cherehani. Baada ya Buhongwa barabara ikafunguka. Usagara tulikata kulia kuelekea Kigongo, mzee akaniambia nikanyage gia ya nne mpaka chini kwa kilomita mbili, kisha nizime injini bila kuachia silensa na nisogee pembeni. Tukasubiri ipoe kidogo. Alifungua plagi ya kwanza kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga, akanipa. Ncha yake ilikuwa na rangi ya karanga iliyokaangwa. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne, akazipanga juu ya boneti, na zote zilifanana.